Ipe Ngozi Muda wa Kujitibu: Mwongozo kwa Mzazi wa Mtoto Mwenye Ualbino

Wazazi wengi wa watoto wenye ualbino wameshaambiwa watafute losheni. Wachache wameelezwa losheni hiyo inazuia nini hasa, na wachache zaidi wanajua kwamba ngozi ya mtoto wao inao uwezo wa kurekebisha madhara ya jua. Uwezo huo upo, na ni uleule alionao mtoto mwenye ngozi nyeusi. Kilichopungua ni melanini, rangi inayoikinga ngozi kwa ndani. Matokeo yake, kazi inayoziangukia seli zake kila siku ni kubwa kuliko muda zilio nao wa kuimaliza. Hatua zinazofuata zimepangwa juu ya hoja hiyo moja: kazi ipungue, muda uongezeke. Utaona kwamba losheni haikuwekwa mwanzoni, na sababu yake utaiona pia.

Hatua ya 1: Jua linaharibu nini

Ndani ya kila seli ya ngozi mna DNA, nyuzi mbili zilizosokotana zenye jozi za herufi zaidi ya bilioni 6. Herufi zenyewe ni nne tu: A, T, G na C. A hukaa mkabala na T, na G mkabala na C. Mionzi ya urujuanimno, hasa ya kundi B, ikipiga mahali ambapo T mbili zimefuatana kwenye uzi mmoja, huzigandisha pamoja. C nazo huweza kugandana hivyo hivyo. Uzi hupinda hapo, na mitambo ya seli inayosoma au kunakili DNA ikifika kwenye mkunjo huo hukwama. Siku moja ya kushinda juani inatosha kuacha maelfu kwa maelfu ya mikunjo ya aina hii katika seli moja.

Kwa mwenye melanini, rangi hiyo hujikusanya juu ya kiini cha seli, upande ule unaotazama jua, na kukifunika. Vipimo vilivyofanywa mwishoni mwa miaka ya 1970 vilionyesha kuwa tabaka la juu la ngozi nyeusi hupitisha takriban asilimia 7 ya mionzi ya kundi B, na la ngozi ya Wazungu takriban asilimia 24. Mtoto mwenye ualbino hana hata ile rangi kidogo ambayo Mzungu huipata kwa kuota jua, naye anaishi chini ya jua la Ikweta. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400, kwa hiyo hatuzungumzii jambo la nadra.

Usiuchukulie wekundu wa ngozi kuwa onyo. Wekundu hujitokeza saa kadhaa baada ya jua, wakati mikunjo imeshaingia kitambo. Na mionzi inayoleta madhara haionekani wala haina joto. Joto la jua hutoka kwenye mionzi mingine kabisa. Ndiyo maana mtoto huungua Njombe akiwa amevaa sweta lenye mikono mifupi, huku mama yake akiamini kwamba leo hakuna jua.

Hatua ya 2: Seli inavyojikarabati, na muda inaouhitaji

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ukiuelewa ukarabati hutahitaji kukariri masharti; utayatunga mwenyewe.

Seli ina protini zinazopita juu ya DNA mfululizo zikitafuta mahali palipopinda. Mojawapo huitwa XPC. Ikihisi mkunjo husimama na kuita wenzake. Kundi la pili huja kuzitenganisha nyuzi mbili kuzunguka mahali hapo, na nyingine iitwayo XPA huhakikisha kwamba kweli pana kasoro, maana kukata DNA isiyo na kasoro ni hatari kuliko mkunjo wenyewe. Kisha vimeng'enya viwili, XPF na XPG, hukata uzi mbovu, kimoja upande huu na kingine upande ule. Kipande cha herufi kama 30 hutolewa na kutupwa. Ni kazi ya fundi cherehani aliyeletewa gauni lililoungua pasi: hafichi doa, anakikata kipande chote na kupachika kingine. Tofauti ni kwamba fundi huyu habahatishi kiraka. Uzi wa pili bado upo mzima, na kwa kuwa A hukaa na T na G hukaa na C, herufi zilizopotea husomwa kutoka upande wa pili na kuandikwa upya. Kimeng'enya cha mwisho hufunga maungio, na DNA inarudi ilivyokuwa.

Sehemu kubwa ya njia hii ilifumbuliwa na Aziz Sancar, daktari aliyezaliwa Savur, mji mdogo kusini-mashariki mwa Uturuki, aliyefanya utafiti wake Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Tomas Lindahl na Paul Modrich. Lindahl alionyesha kuwa DNA huoza yenyewe hata bila jua, na kwamba pana njia nyingine ya kuondoa herufi moja moja zilizoharibika. Modrich alieleza jinsi makosa ya kunakili yanavyosahihishwa. Kwa hiyo karakana ya seli ina idara kadhaa, ila idara ya jua ni hii ya kukata na kupachika.

Sasa muda. Mikunjo iko ya aina mbili kuu. Aina moja huupinda uzi sana, hivyo huonekana upesi na nyingi huondolewa ndani ya saa chache. Aina ya pili, ambayo ndiyo iliyo mingi zaidi, huupinda kidogo tu na hupita bila kutambuliwa kwa urahisi. Baada ya saa 24, karibu nusu yake inaweza kuwa bado ipo kwenye ngozi. Soma sentensi hiyo tena. Mtoto aliyeshinda juani Jumatatu, Jumanne asubuhi anatoka nyumbani na deni. Akishinda tena juani, deni jipya linaongezwa juu ya lile la jana.

Deni lisipolipwa kabla seli haijagawanyika, nakala mpya hutoka na kosa: mahali palipokuwa na C huandikwa T. Kosa hilo sasa ni la kudumu, kwa kuwa nyuzi zote mbili zinakubaliana na hakuna protini itakayoliona tena. Ili hili lisitokee, seli ina msimamizi wake, protini iitwayo p53. Uharibifu ukizidi, p53 husimamisha ugawanyikaji hadi ukarabati ukamilike. Ikionekana hali haitengemai, huiamuru seli ife. Ngozi inayobanduka siku chache baada ya kuungua na jua ina seli nyingi zilizokufa kwa amri hiyo. Lakini jeni linalotengeneza p53 nalo limeandikwa kwa DNA, nalo hupigwa na jua. Mwaka 1991 Douglas Brash na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walichunguza saratani za ngozi za aina ileile inayowapata zaidi watu wenye ualbino Afrika, ile ya seli bapa. Katika zaidi ya nusu walikuta jeni la p53 limeharibika, na baadhi ya makosa yalikuwa na alama ya jua: C mbili zilizofuatana zimegeuka T mbili. Msimamizi akishapotea, seli iliyoharibika huendelea kuzaana bila wa kuizuia.

Kinachochukiza kidogo ni kwamba viumbe wengine wana njia rahisi kuliko hii. Mpunga una kimeng'enya kinachotumia mwanga wa jua lenyewe kuachanisha T mbili zilizogandana, bila kukata chochote. Chura wa jaruba lilelile anacho. Mamalia wa kundi letu walikipoteza zamani sana, na tumebaki na njia ndefu.

Upo pia ugonjwa ambao ukarabati wenyewe ndio haupo. James Cleaver aliugundua undani wake mwaka 1968 huko San Francisco, alipoona kwamba seli za wagonjwa wa xeroderma pigmentosum haziwezi kuondoa madhara ya urujuanimno. Mtoto wa aina hii anaweza kuwa na ngozi nyeusi kabisa. Ukiona mtoto mdogo, hasa aliye chini ya miaka miwili, ametokewa na madoadoa mengi meusi usoni na mikononi, ngozi imekauka, macho hayavumilii mwanga, mpeleke kwa daktari wa ngozi bila kuchelewa. Huyo anahitaji kinga kali kuliko yote yatakayosemwa hapa.

Hatua ya 3: Panga siku kwa kivuli

Ushauri wa kawaida ni kukwepa jua kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Ni mzuri, ila saa ya ukutani haisemi kweli kila mahali. Tanzania yote hufuata saa ileile moja, na jua halijali. Dar es Salaam jua hufika kileleni karibu saa sita na nusu. Kigoma hufika karibu saa saba. Mzazi wa Kigoma au Bukoba aongeze tahadhari mchana na jioni kuliko wa pwani.

Njia ya uhakika ni kivuli cha mtoto mwenyewe. Mfundishe tangu akiwa na miaka minne au mitano: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, ingia ndani au chini ya mti. Ni kipimo kisichohitaji simu wala betri, na watoto hukipenda.

Mambo matatu hupunja hesabu ya wazazi. Mawingu mepesi hupitisha sehemu kubwa ya mionzi. Mwinuko huongeza mionzi kwa asilimia 10 hivi kila mita 1,000, kwa hiyo Mbeya, Nairobi na Arusha zina jua kali ngozini hata hewa ikiwa ya baridi. Na mchanga wa ufukweni hurudisha mionzi juu, kiasi cha asilimia 15, hivyo mwavuli peke yake hautoshi pwani.

Kazi za nje zihamishwe. Kuchota maji, kuchunga, kupeleka mzigo gulioni, kuokota kuni: zifanyike alfajiri au jua linapozama, au zipewe mtoto mwingine na huyu apewe za ndani. Si upendeleo. Mtoto anayeosha vyombo jikoni anafanya kazi sawa na anayechota maji.

Hatua ya 4: Mvalishe

Nguo hushinda losheni kwa sababu haifutiki kwa jasho, haiishi katikati ya mwezi, na huhitaji kuikumbuka mara moja tu kwa siku. Chagua kitambaa kilichofumwa kwa kubana. Kiinue mbele ya taa au dirisha: kama mwanga unapenya wazi, mionzi nayo inapenya. Jinzi na khaki hukinga vizuri. Fulana nyeupe iliyochakaa hukinga kidogo, na ikilowa kinga hushuka zaidi. Rangi nzito hukinga kuliko nyeupe, ingawa zina joto. Mikono mirefu isiyobana itasaidia hewa kupita.

Kofia iwe na ukingo mpana pande zote, sentimita 7 au zaidi. Kepu, ambayo wavulana huipenda, huacha masikio na shingo wazi, na sehemu hizo za kichwa na shingo ndizo saratani hupenda kuanzia. Kama hataki kuiachia kepu, mshonee kitambaa kinachoshuka nyuma hadi mabegani. Miwani ya jua inayozuia urujuanimno ni muhimu kwa macho yake, ambayo pia yamepungukiwa melanini.

Hatua ya 5: Losheni, kwa namba na kwa kipimo

Losheni huziba nguo zilipoishia: uso, masikio, shingo, viganja upande wa juu, na miguu kama amevaa kandambili. Tafuta yenye namba ya kinga, SPF, ya 30 au zaidi. SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya mionzi ya kundi B na SPF 50 takriban asilimia 98, kwa hiyo usiuze kuku kwa ajili ya namba kubwa. Kilicho muhimu zaidi ni maandishi yanayoonyesha kwamba inazuia mionzi ya urujuanimno ya kundi A pia.

Kosa lililoenea ni kupaka kiasi kidogo ili idumu. Namba ya kwenye kopo hupimwa kwa tabaka nene; ukipaka nusu, kinga unayopata ni ndogo sana kuliko ilivyoandikwa. Kwa uso na shingo, kamulia mistari miwili ya losheni kwenye kidole cha shahada na cha kati, kuanzia shina hadi ncha. Mpake robo saa au nusu saa kabla ya kutoka, rudia kila baada ya saa mbili akiwa nje, na tena akishaoga au kutoka jasho jingi. Kama kopo ni dogo na mwezi ni mrefu, usiigawe mwili mzima. Funika mwili kwa nguo, losheni yote iende usoni, masikioni, midomoni na mikononi. Mtoto wa chini ya miezi sita akingwe kwa kivuli na nguo.

Mafuta ya nazi na mafuta ya mgando hulainisha ngozi lakini hayachukui nafasi ya losheni ya jua. Angalia tarehe ya kuisha muda, na usiiache kwenye dirisha au ndani ya gari.

Bei ya dukani ni kubwa kwa familia nyingi, hivyo ulizia mahali inapogawiwa. Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, hutengenezwa KiliSun, losheni iliyotungwa mahsusi kwa watu wenye ualbino, nayo hugawiwa bila malipo kupitia kliniki. Kenya, Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu lina mpango wa kuwapa losheni watu wenye ualbino waliojisajili. Chama cha watu wenye ualbino cha eneo lako kitakuelekeza.

Hatua ya 6: Ongea na shule

Nenda mwenyewe, usimtume mtoto na barua peke yake. Mchakamchaka wa alfajiri hauna neno. Tatizo ni mstari unaochelewa kuisha, shamba la shule la saa tano, michezo ya saa tisa na adhabu za kupiga magoti uwanjani. Mwombe mwalimu mkuu mambo manne: mikono mirefu na kofia viruhusiwe kama sehemu ya sare, mtoto asimame kivulini wakati wa mstari, kazi za shamba zibadilishwe kwa kazi za ndani, na akae mbele karibu na ubao lakini mbali na dirisha lenye jua. Hilo la mwisho linasaidia macho pia, kwa kuwa wengi wao huona mbali kwa shida. Mwalimu akisita, mweleze habari ya deni la jana na la leo. Walimu wa sayansi huielewa mara moja.

Hatua ya 7: Kagua ngozi kila mwezi

Chagua siku utakayoikumbuka, kama siku ya kwanza ya mwezi. Mkague mchana, ndani, kwenye mwanga wa dirisha. Anzia utosini: tenga nywele, tazama nyuma ya masikio, ukingo wa masikio, pua, midomo hasa wa chini, shingo, mabega, mikono. Tumia vidole pamoja na macho, kwa sababu vidoa vya hatari vya mwanzo huhisiwa kabla havijaonekana: ni magamba madogo yanayokwaruza kidole na kurudi hata ukiyabandua.

Vitu hivi havingoji mwezi ujao: kidonda kisichopona kwa wiki nne, kidonda kinachopona na kufunguka tena, kinundu kinachokua au kutoa damu kikiguswa, gamba gumu linalonenepa. Usikipake majivu, dawa ya meno wala dawa ya kuchoma. Usikikate.

Hatua ya 8: Nenda kliniki kabla hujaona kitu

Mtoto mwenye ualbino aonwe na mtaalamu wa ngozi kila baada ya miezi sita hata akiwa hana kidonda. Vidoa vya mwanzo hugandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika, yenye ubaridi wa nyuzi 196 chini ya sifuri. Mwambie mtoto mapema kwamba ataona moshi mweupe, atasikia kuchomwa kidogo, na kesho yake patatoka lengelenge. Kazi yote ni dakika chache na anarudi nyumbani. Kidonda kilichokua zaidi kinahitaji upasuaji, na kilichoenea kinahitaji mionzi ya tiba, kama inayotolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Mionzi hiyo hufanya kazi kwa kuvunja DNA ya saratani, nyuzi zote mbili kwa mpigo. Seli nyingi za saratani ukarabati wake umeshavurugika, hivyo hushindwa kujiunga tena na kufa.

Hapa ndipo tunapoteza vijana wetu. Saratani hii hukua taratibu na huonekana kwa macho, lakini wengi hufika hospitali kidonda kimeshakula sikio au shavu, wakiwa na miaka 20 au 30 na kitu. Nauli huchangia, hofu huchangia, na aibu huchangia. Zahanati yako inaweza kukupa rufaa, na afisa ustawi wa jamii wa kata anaweza kukusaidia kuhusu gharama. Kama mtoto wako hajawahi kukaguliwa ngozi na mtaalamu, uliza wiki hii kliniki iliyo karibu nawe ni ipi na inafunguliwa siku gani, kisha mpeleke.